Sahani ya Bruno

SWALI: Wanangu, wa miaka 6 na 10, wanairudia filamu ya katuni ya Disney, Encanto, kila wikendi. Naambiwa ina mafunzo kuhusu familia na rangi za watu, ila mimi naona nyimbo na maua tu. Nianzie wapi? Na yule bibi ni mtu mbaya? Mzazi, Tanga

JIBU: Anzia kwa bibi huyohuyo. Alma alikimbia kijiji chake akiwa na mapacha watatu wachanga, mumewe Pedro akauawa pale mtoni. Nyumba na karama zote za kimiujiza za familia zimetokana na mshumaa alioushika usiku ule. Anapowakaripia wajukuu, anaogopa kupoteza makao yake mara ya pili. Si mtu mbaya, ila hofu yake wanaibeba wao.

Mdogo hataielewa hofu hiyo kwa maelezo, kwa hiyo mwonyeshe Luisa, yule dada anayebeba punda mabegani. Jicho linapoanza kumcheza, simamisha filamu uulize: "Jicho linamcheza kwa nini?" Kisha nyamaza. Wazazi wengi huuliza "Umejifunza nini?" na mtoto anatoa jibu la darasani.

Kwa mkubwa, subiri sahani. Bruno ni mjomba wa Mirabel, mjukuu ambaye ndiye mhusika mkuu, kwelikweli, kaka wa mama yake, na nyumbani hatajwi. Miaka 10 amejificha ndani ya kuta, nyuma ya chumba cha kulia. Kando ya ufa anaochungulia ndugu zake wakila ameweka meza, na juu yake amechora sahani na kuandika jina lake. Picha hiyo hupita upesi, irudishe nyuma. Kwangu hakuna sehemu inayoeleza vizuri zaidi maana ya kutengwa na watu wako.

Kuhusu rangi, usihutubu. Waambie wahesabu aina za nywele familia inapokusanyika. Félix, mume wa Pepa dada yake Bruno, ni mweusi, na watoto wao watatu hawafanani rangi. Agustín, baba yake Mirabel, ni mweupe. Hakuna anayelieleza hilo, na ni sawa, kwa sababu Kolombia, nchi ya hadithi hii, ndivyo ilivyo: wenyeji wa asili, Wahispania, na Waafrika walioingizwa utumwani, wengi kupitia bandari ya Cartagena.

SWALI: Wimbo wa mtoni katika Encanto mbona ni wa Kihispania hata kwenye filamu ya Kiingereza? Na wale wapanda farasi wanaomuua Pedro ni nani? Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni Dos Oruguitas, yaani viwavi wawili wadogo. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wa nyimbo za filamu hii, aliutunga kwa Kihispania, akauimba Mkolombia Sebastián Yatra. Viwavi wanaopendana hawana budi kuachana ili wawe vipepeo, na ndiyo sababu vipepeo wa manjano wanajaa pale mtoni. Waeleze watoto kabla wimbo haujaanza. Ukitafsiri katikati, watakosa kuona nyuso za wahusika.

Wapanda farasi hawatajwi. Wengi huwahusisha na Vita vya Siku Elfu Moja, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kolombia vya 1899 hadi 1902, lakini Wakolombia wamefukuzwa makwao kwa miongo mingi baada ya hapo, na wakimbizi wa ndani ni mamilioni. Hapa naona filamu imepungukiwa: wauaji hawana sura, na bibi na Bruno wanapatana kwa kukumbatiana tu. Muulize mwenye miaka 10: "Bruno alistahili kuambiwa nini?" Mwache ajibu, hata akimlaumu bibi.