Aliyenivunja jino alikuwa ananiomba msaada

Juzi dada mmoja anayefanya staji ya uuguzi Bukavu ameniandikia: "Yaya, mgonjwa amenipiga kofi mbele ya wenzangu. Nataka kuomba nihamishiwe materinite, kwa wazazi." Niliposoma nikajikuta nagusa jino langu la mbele, lile la bandia.

Ilikuwa hapa Goma, kwa wagonjwa wa akili, zamu ya usiku, upande wa wanaume. Kijana mmoja wa pikipiki aliletwa na kaka zake, amefungwa kamba mikononi. Alikuwa akisikia sauti zikimwambia chakula chake kina sumu. Tulimchoma haloperidoli, dawa ya kupunguza sauti kama hizo, akalala. Siku ya tatu sauti zilipungua, lakini yeye hakutulia. Anakaa, anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anakanyaga-kanyaga pale pale kama aliye peku juu ya mawe ya volkano saa sita mchana. Nikamwambia, "Ikala." Akajibu, "Muganga, siwezi, miguu inanikatalia." Nikapandisha sauti. Nikamshika bega kwa nyuma. Ngumi ikanikuta mdomoni.

Tulimfunga kitandani, tukamwongezea sindano ile ile. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kuliko jino. Asubuhi mama mmoja, muuguzi wa siku nyingi, aliinama akatazama vidole vya miguu vikicheza chini ya shuka, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, miguu inakuwasha kwa ndani?" Kijana akalia. Ilikuwa akathisia: dawa yenyewe inamnyima mtu kukaa, na ukiongeza kipimo unamzidishia. Daktari alipunguza haloperidoli, akaandika propranololi, dawa ya kupunguza mahangaiko hayo. Kesho yake jioni alikula bugali na sambaza, ameketi.

Kwenye kikao mkuu wangu alisema nimepigwa kwa sababu ni mlegevu. Jino nilijilipia. Sijasahau.

Sasa dada, nisikilize. Hasira ya mgonjwa ina sababu, na kuitafuta ndiyo kazi uliyosomea. Amekula? Amebanwa na mkojo? Ana malaria, sukari imeshuka, ameachishwa pombe ghafla? Shingo imepinda na macho yamepanda juu kwa sababu ya dawa? Usimtokee kwa nyuma. Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, wagonjwa wangu wengi wanaruka mlango ukibamizwa tu.

Simama upande kidogo, hatua mbili kutoka kwake. Usimzibie mlango, wala usikubali akae kati yako na mlango. Mmoja wenu aongee, wengine wanyamaze. Vua hereni na kamba ya beji shingoni. Neno "tulia" liache nyumbani, mwambie unachokiona: "Naona kukaa kunakushinda, twende tutembee." Mimi nimetembea na wagonjwa koridoni mpaka miguu ikavimba, na tangu usiku ule sijapigwa tena.

Ikibidi kumshika, muwe wengi na mjue nani anashika wapi. Msimlaze kifudifudi mkamkalia mgongoni, ataishiwa pumzi afe mikononi mwenu. Aliyefungwa asiachwe peke yake hata dakika moja: tazama pumzi, tazama viganja kama vimevimba, mpe maji, na mfungue mapema. Ni mtoto wa mtu yule. Sisi wauguzi tunaosali kila Jumapili halafu Jumatatu tunamfokea mgonjwa kama mwizi, tutajibu nini?

Materinite usiende kwanza. Kesho ukirudi, fungua fishi ya mgonjwa aliyekupiga, angalia alichomwa nini na saa ngapi, halafu uniandikie.