Maswali ya Wasomaji: Maji ya Mwili na Ubongo wa Mtoto

SWALI: Mimi ni muuguzi niliyeanza kazi hivi karibuni katika wodi ya watoto. Tulimpokea mtoto wa miezi minane aliyekuwa ameharisha kwa siku kadhaa, na ambaye alipata degedege muda mfupi kabla ya kufikishwa kwetu. Kipimo cha damu kilionyesha sodiamu ya 168. Baada ya dripu ya kwanza, daktari aliagiza maji yaliyobaki yatolewe polepole kwa saa 48. Bibi yake aliniuliza kwa uchungu kwa nini tunamnyima maji mtoto aliyekauka, nami sikuwa na jibu la kumtuliza. Naomba maelezo.
Muuguzi wa wodi ya watoto

JIBU: Ndugu muuguzi, swali la bibi huyo ni la haki na anastahili kujibiwa kando ya kitanda cha mjukuu wake, kwa maneno anayoyaelewa. Mtoto aliyekauka anahitaji maji, na hilo halina ubishi. Kinachopimwa hapa ni kasi ya kuyarudisha, na kasi hiyo huamuliwa na ubongo.

Kiwango cha kawaida cha sodiamu, yaani madini ya chumvi yaliyo katika damu, ni kati ya 135 na 145 mmol kwa lita. Kinapopanda sana, maji huvutwa kutoka ndani ya seli kwenda kwenye damu, seli za ubongo husinyaa, na mtoto huwa msumbufu, hulia kwa sauti kali au hushikwa na degedege. Hali hiyo ikiendelea kwa siku kadhaa, seli za ubongo hujikusanyia chembechembe zinazovuta maji ili zirudie ukubwa wake. Hapo ndipo hatari ya dripu ya haraka inapoanzia: sodiamu ya damu ikishuka kabla seli hazijapata muda wa kuziondoa chembechembe hizo, maji hukimbilia ndani ya seli, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi ya kutosha. Kwa sababu hiyo inashauriwa sodiamu isishuke kwa zaidi ya 0.5 mmol kwa lita kila saa, yaani takribani 12 kwa siku nzima. Ukipiga hesabu kutoka 168 hadi 145 utaona kwamba saa 48 za daktari hazikutoka hewani.

Dripu ya kwanza ilikuwa na kazi nyingine. Mtoto aliyeharisha hadi akaingia katika mshtuko, akiwa na mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu, hupewa kwanza maji ya haraka yenye chumvi inayokaribiana na ya damu, bila kungoja jibu la sodiamu, kwa sababu bila mzunguko wa damu ubongo wenyewe hauponi. Naomba usiuhamishie utaratibu huu kwa kila mtoto mgonjwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu walikufa zaidi walipopewa maji mengi kwa haraka kuliko wasiopewa. Watoto wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuhusishwa katika utafiti huo, na tofauti hiyo ni lazima muuguzi aijue kabla hajafungua kibano cha dripu.

Upande wa pili wa hatari hiyo ni sodiamu kushuka kupita kiasi. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo au jeraha la kichwa mara nyingi hutoa kwa wingi homoni inayozuia mkojo, hivyo maji hubaki mwilini na kuizimua damu. Ukimtundikia dripu yenye chumvi kidogo, unaongeza uvimbe wa ubongo ambao tayari umeumia. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza kwamba watoto wengi waliolazwa na wanaohitaji dripu ya kuendeleza maji ya mwili wapewe iliyo na chumvi ya kiwango cha damu. Binafsi naona kusoma maandishi ya chupa ni kazi ya uuguzi sawa na kutoa dawa.

Katika saa hizo 48, wewe ndiwe unayemlinda mtoto. Mpime uzito kila siku kwa mizani ileile, bila nguo, kwani kwa muda mfupi namna hii badiliko la gramu 100 ni sawa na takribani mililita 100 za maji. Pima nepi kabla na baada: kila gramu iliyoongezeka ni kama mililita moja, na mtoto wa umri huo anapaswa kukojoa angalau mililita moja kwa kila kilo kwa saa. Usiutegemee sana mfinyo wa ngozi kama kipimo cha ukavu, kwa sababu mtoto mwenye sodiamu ya juu huweza kuwa na ngozi iliyo laini kama unga uliokandwa, akaonekana hajakauka sana kumbe amekauka vibaya. Gusa utosi akiwa ametulia na ameinuliwa kidogo. Uliobonyea unapoanza kuvimba, mwite daktari mara moja. Angalia kama anafungua macho mwenyewe, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu au haitikii kabisa, na uandike ulichokiona pamoja na saa yake. Mapigo yanayopungua huku shinikizo la damu likipanda na pumzi zikikosa mpangilio ni dalili za ubongo kubanwa, na huja zikiwa zimechelewa.

Degedege likirudi, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, mpe oksijeni, pima sukari ya damu papo hapo na utazame saa. Likifika dakika tano, dawa ya kulizuia itolewe.

Muulize pia mama, kwa upole, jinsi alivyochanganya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa mtoto anayeharisha, nyumbani. Pakiti ya lita moja ikitiwa katika nusu lita hutoa kinywaji chenye chumvi maradufu, na hakuna mama anayefanya hivyo kwa nia mbaya.

SWALI: Binti yangu wa miaka mitano ana mtindio wa ubongo na uzito wa kilo 14. Hukohoa anapokunywa, na mkojo wake ni wa manjano iliyokolea. Nitajuaje kama maji anayopata yanamtosha?
Mama wa binti mmoja

JIBU: Mama, kukohoa huko ni jambo la kwanza kuonwa na daktari au mtaalamu wa kumeza, kwa sababu maji yanayopotea njia huingia kwenye mapafu. Kwa sasa mkalishe wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo kuelekea kifuani, na umpe kidogo kidogo kwa kijiko, ukingoja ameze kabla ya kumwongezea. Watoto wengi wa namna yake humeza vyema zaidi kinywaji kilichofanywa kizito kiasi, lakini uzito huo upangwe na mtaalamu aliyemwona akimeza.

Kwa hesabu inayotumika tangu 1957, kilo kumi za kwanza huhitaji mililita 100 kwa kila kilo kwa siku, na kilo kumi zinazofuata 50 kwa kila kilo. Binti yako anahitaji takribani mililita 1,200, zikiwemo za maziwa na vyakula vya majimaji, na zaidi siku za homa au joto. Midomo yenye udenda isikudanganye kwamba ana maji ya kutosha. Tazama rangi ya mkojo, choo kigumu na macho yaliyobonyea. Kama anatumia dawa za kifafa, kutapika au kuharisha huweza kumpunguzia dawa mwilini na kuleta degedege, kwa hiyo siku hizo mpeleke mapema. Na kama kumnywesha kunachukua sehemu kubwa ya siku na bado uzito hauongezeki, uliza kuhusu mrija wa kulishia tumboni bila kujilaumu, maana utakuwa umemtafutia njia salama ya kupata anachohitaji.