Kabla Hujakubali Ukuu wa Jimbo

Mchungaji mwenzangu, Bwana Yesu asifiwe. Kama jina lako limependekezwa kuwa Mkuu wa Jimbo, yaani mchungaji anayesimamia sharika kadhaa chini ya askofu wa dayosisi, nakupongeza kwa moyo wote. Nimeitumikia nafasi hiyo ndani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), huku Nyanda za Juu Kusini, na kuna neno nataka ulitafakari kabla hujajibu: sehemu kubwa ya kazi hii hakuna atakayeiona, na nyingine hutaruhusiwa hata kuieleza.

Washarika hukuona siku za furaha. Unaweka jiwe la msingi, unawaingiza wazee wa kanisa kazini, unahubiri kwenye mavuno. Wasichokiona ni yale yanayotokea kati ya usharika na dayosisi, na wewe ndiye uliyekaa katikati.

Chukua uhamisho wa wachungaji. Kuna usharika ulifunga kanisa kwa kufuli siku mchungaji mpya alipofika. Mzigo wake ulikuwa bado juu ya lori, mvua inanyesha, godoro limelowa, watoto wamejikunyata kwa dereva. Nilikaa na wazee barazani kwa ofisi ya usharika mpaka giza likaingia. Mzee mmoja, mtu mwema niliyemheshimu sana, akanisogelea akasema, "Baba Mchungaji, tupe sababu tu ya kumwondoa mchungaji wetu. Ukitupa sababu, funguo hizi hapa." Sababu nilikuwa nayo. Ilimhusu yule aliyeondoka na nyumba yake, na ilikuwa ya kwake kuisema, si yangu. Nikanyamaza. Kanisa lilikuja kufunguliwa baada ya vikao na maombi mengi, lakini wapo wanaoamini mpaka leo kwamba niliwaonea, na sitawaambia vinginevyo.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo. Kabla ya uhamisho wowote, kubaliana na askofu maneno gani yatasemwa usharikani, yaandikwe kwenye barua, na uyasome hayo hayo bila kuongeza. Ukiwaeleza hawa kidogo na wale ukawaficha, wataanza kubuni, na kitakachobuniwa kitamuumiza aliyehama kuliko ukweli wenyewe. Pia tafuta mtu wa kumwambia yanayokulemea. Asiwe wa jimbo lako. Mimi nilikuwa na mchungaji mstaafu wa mbali. Nilimtembelea, tukaomba, nikalia pale palipohitaji kulia. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, baada ya kutaja viboko na kuvunjikiwa merikebu, alitaja na maangalizi ya makanisa yote yaliyomjia kila siku. Zamani niliupita mstari huo haraka. Siku hizi siupiti.

Marafiki watapungua. Wale mliosoma pamoja theolojia chuoni Makumira, mkala ugali mmoja na kukopeshana vitabu, sasa ukiingia chumbani maongezi yanabadilika, kwa sababu wewe ndiye utakayeandika taarifa zao. Usiwalaumu. Waendee misibani na hospitalini, kaa nao bila kuuliza habari za kazi, na urafiki utakaobaki utakuwa wa kweli.

Fedha nazo ziseme mapema nyumbani. Kila usharika unajenga kitu: kanisa, nyumba ya mchungaji, choo cha shule ya awali. Kila harambee inakuhitaji uwe mgeni rasmi, na kwenye mnada wa mavuno jogoo akiinuliwa, macho yote yanakugeukia. Mshahara wako ni wa mchungaji. Msimu wa kilimo sadaka hushuka, mfuko wa jimbo unakauka, na mafuta ya gari yanatoka mfukoni mwako. Pangeni wewe na mke wako kiasi cha kutoa kwa mwezi, kiwe kile kile kwa usharika tajiri na kwa mtaa wa porini, na kikiisha kiwe kimeisha. Mtu anayetoa kwa aibu huishia kukopa, na Mkuu wa Jimbo mwenye madeni kwa washarika hawezi kuwaamua.

Lakini anayelipa zaidi ni mke wako, mama mchungaji. Huku kwetu mvua huanza Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo Krismasi na mara nyingi Pasaka hukukuta kwenye matope, gari limezama, simu haina mtandao. Yeye yuko nyumbani na wainjilisti waliotoka mitaa ya mbali wakikusubiri. Lazima wale, lazima walale, na hakuna fungu la bajeti linaloitwa unga wa mama mchungaji. Watu watamuuliza mambo ya ofisi, naye hayajui, kwa kuwa hukumwambia na hukupaswa kumwambia. Watoto wako watapata kipaimara wakati unawabariki watoto wa wengine. Tarehe hiyo, nakusihi, iandike kwenye kalenda ya jimbo kabla ya kikao chochote, na umtaarifu askofu kwamba siku hiyo una ibada usharikani kwako.

Kwa hiyo usijibu leo. Kaa na mke wako usiku wageni wakiwa hawapo sebuleni, mweleze haya yote, hata la unga, kisha umwache aongee mpaka amalize. Akisema wakati bado, mpigie askofu asubuhi umwambie bado.