Shampuu ya mba: usiisuuze kabla haijafanya kazi

Dada uliyeuliza, umesema umetumia shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu, wiki mbili, mba bado ipo, na muuzaji wa dawa anakushauri umeze vidonge vya ketokonazoli. Tafadhali usivimeze. Mwaka 2013 shirika la dawa la Umoja wa Ulaya lilipendekeza vidonge hivyo visimamishwe kwa sababu vinaweza kuumiza ini vibaya. Ya kupaka kichwani ni jambo jingine kabisa, ni kiasi kidogo mno kinachoingia mwilini.

Mimi mba ilinisumbua hapa Goma karibu mwaka mzima, na shida yangu ilikuwa maji. Kwetu Majengo maji tunanunua kwa bidoni, basi nilikuwa napaka shampuu, nasugua nywele, nasuuza mbio mbio ili watoto wabakiwe na ya kuoga. Pesa yote ya dawa iliishia kwenye beseni. Nesi mmoja ndiye aliyenifungua macho: kuvu wa mba anaishi kwenye ngozi ya kichwa na anakula mafuta yake, kwa hiyo dawa lazima iifikie ngozi na ikae.

Sasa nafanya hivi. Nalowesha kichwa, nagawa nywele mistari kama ninayetaka kusuka, napaka dawa kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Kisha nafunga taulo shingoni, nakaa mlangoni na kuangalia saa, dakika tatu hadi tano. Nasuuza kikombe kwa kikombe, kichwa nimekiinamisha ili isiingie machoni. Ikiingia, osha jicho kwa maji mengi safi. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Mba ikitulia, mara moja kila wiki moja au mbili ili isirudi. Kila siku hapana, inakausha nywele zetu zikakatika. Na usipake mafuta kwenye ngozi ya kichwa baada ya kuosha, hata yale ya nyonyo ambayo mama zetu wanayaamini; paka kwenye nywele zenyewe, hasa nchani.

Kitu kinachoniuma zaidi ni zile tyubu za kupaka zinazouzwa kila kona. Niliuziwa moja nikaambiwa ni ya mba. Muwasho ulikwisha siku mbili, nikafurahi, nikaipaka miezi. Ngozi ya paji la uso ikawa nyembamba na nyeupe kuliko uso wote. Kumbe ndani kulikuwa na klobetasoli, dawa kali ambayo watu wanaitumia pia kujichubua. Soma majina yote kwenye boksi, si lile kubwa tu la mbele.

Kama kichwa kinatoa usaha, kinaungua kila unapopaka, au nywele zinatoka kwa viduara, acha na uende kwa daktari. Kwa mtoto mwenye viduara hivyo ni mapunye mara nyingi, na shampuu peke yake haiyaponyi. Huko ndiko dawa ya kumeza inahitajika, ile atakayoandika daktari kwa uzito wa mtoto.

Halafu niambie, sasa hivi umesuka? Kama una meshi kichwani, fumua kwanza, dawa haitafika kwenye ngozi yote ikiwa chini ya misuko. Anza kuhesabu wiki zako upya kuanzia hapo.