Tairi za bei rahisi, Mtwara hadi Dar
Ndugu, umeuliza kama tairi za bei rahisi zitahimili pikipiki kubwa, abiria na mizigo, Mtwara hadi Dar. Pakavu zinashika vizuri tu. Tatizo ni mvua: nyingi zina mpira mgumu, zinateleza, hasa juu ya michoro ya barabarani. Ya nyuma italika katikati kwanza kwa lami ndefu iliyonyooka, ibaki bapa. Kwenye kona utasikia pikipiki inagoma kulala. Kabla hujalipa, soma ubavuni tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani inayoonyesha tairi ilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Hiyo imezeeka, mwachie muuzaji. Namba ya uzito, yaani mzigo ambao tairi inabeba, ifuate kitabu cha pikipiki. Upepo pima tairi ikiwa baridi. Ukiona uvimbe au nyufa, hata Mingoyo, hapo njiani, usifike, ita fundi.