Kioo cha wodi ya wazazi msikichague mkiwa mmesimama barabarani

Nimekuwa mkunga Pemba kwa miaka mingi. Kituo nilichokaa muda mrefu zaidi kilipata jengo jipya la wazazi, madirisha ya aluminiamu, vioo vya kijani vinavyong'ara kama vya kujitazamia. Tulifurahi sana. Wiki ya pili bibi mmoja alimtoa mjukuu wake wa siku tatu barazani apate upepo, akarudi mbio: "Mwanangu, hebu njoo umtazame mtoto huyu, mbona macho yake kama binzari?"

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemkagua mtoto kitandani, pembeni mwa dirisha, na sikuona kitu. Kule barazani nikambonyeza paji la uso kwa kidole, nikaachia: ngozi ikarudi manjano. Weupe wa macho manjano, fizi manjano. Tukampeleka hospitali, akawekwa chini ya taa ya buluu, na alhamdulillahi akapona. Usiku ule mimi sikupata usingizi.

Kioo cha rangi hupunguza mwanga, na huo unaopita huingia umeshabadilika rangi. Na kazi yetu kubwa ni kusoma rangi: manjano ya mtoto, ukope wa ndani wa mama aliyepungukiwa na damu, midomo inayoanza kuwa buluu. Kwa watoto wetu weusi manjano ni magumu kuyaona hata kwenye mwanga mzuri, seuze nyuma ya kioo cha kijani. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kamati yoyote inayojenga: wodi ya wazazi, chumba cha watoto wachanga na maabara viwe na kioo kitupu, kisicho na rangi.

Najua mtaniuliza, na joto je? Joto lizuiwe nje. Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia ndani, na pazia litakupa kivuli tu. Hapa kwetu tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko karibu na utosi: Juni limeelemea kaskazini, Disemba kusini. Ukuta mrefu wenye madirisha ukitazama kaskazini au kusini, upenu wa mita 1 tu, hata mchana wa Juni, hutupa kivuli cha karibu mita 1.8 ukutani. Ukuta wa magharibi hauna dawa hiyo, kwa sababu jua la alasiri huja chinichini na kupita chini ya upenu. Wodi yetu ilitazama magharibi. Ikifika saa kumi kila mzazi ameshafunga kanga yake dirishani, nasi tunawasha taa jua lingali linawaka. Upande huo wekeni stoo, ngazi na vyoo.

Wazee walilijua hili. Dispensari ya zamani ya Mji Mkongwe, aliyoianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ina roshani za mbao zinazotangulia mbele ya kuta, na ua wa kati wa kuleta mwanga na hewa.

Sasa sitara, maana hapa ndipo kamati yetu ilipotegemea kile kioo. Mchana kweli, wa nje hujiona mwenyewe. Lakini kioo cha namna hiyo huficha upande wenye mwanga mdogo. Magharibi ilipoadhiniwa na sisi tukawasha taa, mambo yakageuka: wa ndani tukajiona wenyewe, na wapita njia wakawaona wazazi wetu vitandani. Mama mmoja alilia kwa aibu. Anayetaka sitara aweke kioo kilichosagwa uso, kinachopitisha mwanga bila kuonyesha watu, sehemu ya chini ya dirisha linalotazama njia, na juu kiwe kitupu. Linalotazama bustani au mikarafuu liachwe wazi lote, na kizingiti kiwe chini, mgonjwa aliyelala aone mti. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliotazama miti walitoka mapema zaidi na kutumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Dirisha la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu. Shirika la Afya Duniani linataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi ya kawaida inayotegemea upepo, basi pendeleeni luva au dirisha la kufunguka lote, pande mbili zinazokabiliana, kaskazi na kusi zipite.

Milangoni na karibu na vitanda kiwe kioo kilichochomwa, yaani kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika huwa chembechembe. Hicho hakikatwi tena kikishachomwa, kwa hiyo fundi apime vizuri kabla ya kuagiza.

Na kabla hamjalipa, mwombeni fundi kipande cha mfano. Saa nne asubuhi, uani, kiwekeni juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya kiganja, muone kama rangi inabadilika. Sisi tulifanya hivyo tulipopata fedha za kubadilisha vioo vinne vya pembeni mwa vitanda vya watoto. Sasa nikitaka kumkagua mtoto, namkagua hapo hapo ubavuni mwa mama yake.