Mwalimu anauliza: udhanaishi unatibu nini?

SWALI

Daktari, nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 34. Nilistaafu nikiwa na miaka 60, na mwaka uliofuata mke wangu akafariki. Sasa imetimia miezi 11. Usingizi unakatika saa tisa usiku. Kila alfajiri bado natoa vikombe viwili vya chai, halafu narudisha kimoja kabatini. Hospitali vipimo havikuonyesha kitu, nikaelekezwa kwa mwanasaikolojia ambaye anasema anatumia tiba ya kidhanaishi inayojengwa juu ya uhusiano. Udhanaishi naujua. Nilikuwa nawafundisha Kidato cha Sita kwamba ni falsafa ya watu walioona maisha hayana maana. Sasa mimi ninayetafuta sababu ya kuamka ndiyo nipelekwe huko? Na kuzungumza kutasaidia nini, wakati mke wangu hatarudi? Ndugu wananihimiza nioe. Wanangu, mmoja yuko Mwanza na mwingine Muscat, kila mmoja ananiita kwake. Mimi ni muumini. Je, tiba hii haigongani na dini?
Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU

Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa msiba.

Nianze na hilo la kwamba kuzungumza hakutamrudisha mkeo. Ni kweli, na mtaalamu anayeijua kazi yake hatakuambia vinginevyo. Wala hatakuahidi kukuondolea huzuni. Tiba hii haichukulii huzuni ya mgane kuwa hitilafu ya kurekebishwa. Inakaa nayo pamoja nawe, hadi uweze kuibeba na bado ukaishi.

Kuhusu udhanaishi, ulichokifundisha hakikuwa uongo, ila kiliishia nusu ya njia. Wanafalsafa wale walisema hakuna mtu anayezaliwa na maana ya maisha yake imeandikwa kwenye cheti. Madaktari walioichukua fikra hiyo wakauliza linalofuata: basi mtu huyu kesho aishije? Mmoja wao ni Viktor Frankl, Myahudi wa Vienna, Austria. Wanazi wa Ujerumani walimpeleka kambini mwaka 1942, akapitia Auschwitz, kambi ya mauaji, akakombolewa mwaka 1945, kisha akaja kujua kwamba mkewe, mama yake na kaka yake wote wamekufa. Kabla ya vita alikuwa tayari ameanza kufikiria tiba inayomsaidia mtu kutafuta maana. Baada ya yote hayo hakuitupa, aliirudia akaikamilisha. Sioni namna ya kuiita hiyo falsafa ya kukata tamaa.

Mwaka 1980 Irvin Yalom, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitaja mambo manne ambayo hakuna binadamu anayeyakwepa: kifo, uhuru, upweke, na kukosa maana. Ukiyasoma juu juu yanatisha, lakini yaweke kando ya barua yako. Kifo kimeingia nyumbani, na nadhani kimekukumbusha na chako. Maana uliyokuwa nayo ilibebwa na darasa na mke, na vyote viwili vimeondoka kwa kufuatana. Hayo umeyasema wazi.

Mimi ningesimama zaidi kwenye uhuru, ambao umeugusa mwishoni ukaupita haraka. Kwa miaka 34 kengele ya shule ilikuamulia uamke saa ngapi na uwe wapi. Sasa ndugu na watoto wamekuwa kengele: oa, hamia Mwanza, njoo Muscat. Wanakupenda, sina shaka. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu na sikukuta neno “nataka” hata mara moja. Ningekuwa mimi ndiye nimeketi nawe, hapo ndipo ningeuliza. Uhuru katika tiba hii si raha. Ni ule uzito wa kujua kwamba uamuzi utakuwa wako hata ukiukimbia, kwa sababu kukaa kimya nako ni kuamua.

Na upweke uko wa aina mbili. Upo wa kukosa watu, na huo matanga yetu yanautibu kuliko dawa yoyote niijuayo. Watu wanalala kwako, chakula kinapikwa uani, hakuna anayekuacha peke yako. Arobaini ikishapita, mikeka inakunjwa na kila mtu anarudi kwake. Hapo ndipo unapojitokeza ule wa pili, ambao hautoki hata nyumba ikijaa, maana hakuna awezaye kufiwa kwa niaba yako.

Sasa uhusiano unaingia wapi? Martin Buber, mwanafalsafa wa Kiyahudi, aliandika mwaka 1923 kwamba tuna namna mbili za kumwelekea mwenzetu: tunaweza kumkabili kama Wewe, au kama kitu. Mwalimu wa Kiswahili utalielewa hili kwa ngeli. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya wodini, nilimsikia muuguzi aliyechoka akiuliza, “Kitanda namba 6 kimeshakunywa dawa?” Mtu mzima, mwenye jina na wajukuu, ametolewa A-WA akatiwa KI-VI. Muuguzi yule hakuwa na roho mbaya, zamu ilikuwa ndefu. Lakini mgonjwa alisikia, akageukia ukutani. Aliyefiwa naye hushushwa ngeli hivyo hivyo, tena kwa upole na kwa nia njema. Anakuwa mgane wa kutafutiwa mke, mzee wa kuhamishwa. Chumba cha tiba kinapaswa kuwa mahali ambapo kwa dakika 50 kila wiki unarudishwa kwenye ngeli yako.

Hili si suala la upole peke yake. Yale unayowafanyia watu nje, utamfanyia na mtaalamu mle ndani, tena bila kukusudia. Nikupe mfano, nimeuunganisha kutoka kwa watu kadhaa ili asijulikane yeyote. Mzee mmoja alikuwa akija kila wiki na kofia yake ya kiua, anaiweka gotini. Zikibaki dakika 20 anaishika kofia, anainuka nusu, anasema, “Nisikuchoshe daktari, una watu nje.” Mara ya kwanza na ya pili niliona ni adabu tu. Mara ya tatu nikamwambia, “Mzee wangu, kila ukiishika kofia hiyo najisikia kama mgeni aliyekaribishwa barazani, kisha mlango wa ndani ukafungwa.” Alinyamaza muda mrefu, anaizungusha kofia kwa vidole. Halafu akasema, “Marehemu alikuwa akinilalamikia hilo hilo.”

Kuanzia hapo upweke wake haukuwa tena habari ya kusimuliwa. Ulikuwa katikati yetu, tunauona wote wawili. Kazi ya wiki zilizofuata ilikuwa kukaa tu hadi dakika ya mwisho, ingawa ilimwia vigumu. Baada ya muda akaniambia kwamba binti yake alipiga simu, na badala ya kusema “sijambo, tunamshukuru Mungu” na kukata, alimwambia kuwa halali usiku. Binti alilia. Walizungumza saa nzima.

Huko ndiko kufanya kazi na kinachotokea pale pale, kati ya watu wawili waliomo chumbani. Mtaalamu anatumia hata hisia zake mwenyewe, lakini kwa faida yako tu, si kukuhadithia shida zake. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyataja mwaka 1957 masharti ya uhusiano unaoponya, na matatu kati yake ndiyo yanayokumbukwa zaidi: mtaalamu awe mkweli, akukubali bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kwa macho yako. Yanasomeka mepesi. Mimi nimeyafanyia kazi miaka mingi na bado yananishinda siku nyingine.

Kuna kisa cha Frankl ambacho huenda utasimuliwa, kwa kuwa kinafanana na chako. Daktari mzee alimjia akiwa hana nafuu miaka miwili baada ya kufiwa na mkewe. Frankl akamuuliza ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia. Mzee akajibu kwamba mkewe angeteseka mno. Frankl akamwambia: basi mateso hayo umemwepusha nayo, na gharama yake ni wewe kubaki na kumlilia. Mzee akampa mkono, akaondoka. Ni kisa kizuri, lakini nakihofia. Kwa mtu yule, siku ile, maneno yale yalifika. Yakitolewa mapema kwa mtu mwingine yatafanya kazi ile ile ambayo “kazi ya Mungu haina makosa” huifanya pale inapotamkwa haraka ili mfiwa anyamaze. Maneno yenyewe ni ya kweli kwa anayeamini, ila mfiwa anahitaji kwanza kusikilizwa, ndipo ayaseme kwa kinywa chake.

Hilo linanifikisha kwenye dini. Mizizi ya fikra hizi ina waumini wengi. Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa udhanaishi, alikuwa Mkristo aliyeitafuta imani yake kwa uchungu. Buber tumeshamtaja. Rollo May, aliyeisaidia sana tiba hii kuingia Marekani, alikuwa mwanafunzi na rafiki wa Paul Tillich, mwanateolojia wa Kiprotestanti. Mtaalamu mzuri hatakuondolea imani wala hatakuwa shehe au padri wako. Ukisema maana ya maisha yako iko kwa Mungu, atakuuliza inavyoonekana Jumanne asubuhi, ukiwa peke yako na birika la chai.

Je, inafanya kazi? Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka kwenye tiba fupi zinazoishughulikia maana moja kwa moja. William Breitbart na wenzake kwenye hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, waliyachukua mawazo ya Frankl wakatengeneza vikao 8 vya kikundi kwa wagonjwa wenye saratani iliyokomaa, na majaribio yao yalionyesha watu wakipata nafuu ya kiroho na kukata tamaa kukipungua. Kwa matatizo kama hofu ya ghafla au hofu ya kitu maalumu, mimi mwenyewe humwelekeza mtu kwanza kwenye tiba ya fikra na tabia, ambayo ina utafiti mwingi zaidi na hatua zilizo wazi. Shida yako, kwa ulivyoieleza, si ya aina hiyo.

Ila kuna jambo moja nisilolichukulia kwa wepesi. Huzuni ya msiba inaweza kugeuka sonona, na sonona inahitaji daktari, pengine na dawa, sambamba na mazungumzo. Ikiwa unapungua uzito, hakuna kinachokufurahisha hata wajukuu, unajiona mzigo, au linakujia wazo la kujidhuru au la kutamani usiamke, usingoje tarehe ya kikao. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa siku hiyo hiyo, uonwe na kitengo cha afya ya akili, na mwambie mtu mmoja wa karibu akusindikize. Na kwa kuwa miezi 11 ni mingi kukosa usingizi, mwulize mtaalamu wako kikao cha kwanza kabisa kama anaona dalili hizo.

Mwulize pia amesomea wapi tiba hii na nani anamsimamia, kwa sababu kila mtaalamu makini ana mwenzake mzoefu anayempitia kazi yake. Mwulize siri zako zinalindwaje, na ni wakati gani atalazimika kumwambia mtu mwingine. Kubalianeni gharama, na baada ya vikao vingapi mtapima kama kuna mabadiliko. Ikifika cha tatu au cha nne ukaona hakusikii, usiache kwenda kimyakimya. Mwambie usoni. Naelewa kwa adabu zetu hilo ni zito, hasa kumwambia mtu aliyesomea, lakini namna atakavyolipokea itakuonyesha kama umefika mahali pa kubaki.

Usiandae hotuba, Mwalimu, wala usianze na historia ya kazi. Anza na kile kikombe cha pili: mkono unapokitoa, unapokirudisha, na dakika zilizo katikati.